Sumu, wala si bakteria pekee, ndiyo inayoangamiza kuku

MFUGAJI wa kuku wa nyama anapoona ndege wake wakizubaa, wakisusia chakula na kufa ghafla, mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo. Hununua antibiotiki na kuitia katika maji ya kundi zima. Utafiti wa miongo miwili iliyopita unadhihirisha kwamba njia hiyo haigusi kiini cha tatizo.

Miongoni mwa maradhi yanayosababisha vifo vya aina hiyo ni ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, ulioelezwa kitaalamu nchini Uingereza mnamo 1961. Huletwa na bakteria aitwaye Clostridium perfringens. La kushangaza ni kwamba bakteria huyo hupatikana hata katika utumbo wa kuku wenye afya. Ni kipi basi kinachomgeuza kuwa adui?

Kwa muda mrefu, wataalamu waliamini kuwa silaha yake kuu ni sumu ya alfa. Imani hiyo ilitikisika mwaka wa 2006, watafiti nchini Australia walipoizima jeni ya sumu hiyo na kuku bado wakaugua. Mnamo 2008, watafiti hao walitangaza kugundua sumu nyingine, NetB, ambayo hutoboa matundu katika utando wa seli hadi zikafa.

Hata hivyo, sumu pekee haitoshi. Adui huhitaji kufunguliwa mlango, na mara nyingi anayeufungua ni koksidiosisi, ugonjwa unaojeruhi utumbo na kumwaga protini ambazo bakteria hujilisha. Chakula chenye unga mwingi wa samaki, ngano au shayiri pia humpa nafasi ya kuzaana.

Ugunduzi mwingine unahusu afya ya binadamu. Jeni ya NetB hubebwa na plasmidi, kipande cha chembe za urithi kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Usugu dhidi ya dawa nao husambaa kwa njia iyo hiyo. Kwa hivyo, anayewapa kuku antibiotiki kila siku huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wale sugu.

Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuza mifugo mwaka wa 1986, nao Muungano wa Ulaya ukakamilisha marufuku hiyo Januari 1, 2006. Wafugaji wa huko walilazimika kuboresha lishe, usafi na udhibiti wa koksidiosisi. Ni kweli kwamba dawa za koksidiosisi bado zinaruhusiwa huko, na baadhi yake humdhibiti pia Clostridium. Lakini msingi ulibadilika: kinga ikatangulia tiba.

Kenya ilichapisha sera ya kitaifa ya kukabiliana na usugu wa dawa mnamo 2017. Sera hiyo itabaki maandishi matupu iwapo mfugaji mdogo hatapata ushauri wa daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa. Maranda makavu, chanjo au kinga ya koksidiosisi, na chakula kilichopimwa vyema ndivyo vinavyomfungia adui mlango.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji wa kuku, ufa huo umo ndani ya utumbo.