Mwalimu wa michezo naye awe na cheti

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili kando ya Ziwa Victoria katika miaka ya tisini, mwenzetu mmoja alichelewa kufika mazoezini, akaamriwa kuuzunguka uwanja mara kumi. Jua lilikuwa bado kali. Katika mzunguko wa sita alianguka, akilia kwa maumivu ya mifupa. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Sisi tuliolala naye bweni moja tulijua. Mwalimu wa michezo hakujua. Kijana yule alilazwa hospitalini majuma mawili, na hakurejea tena uwanjani.

Simlaumu mwalimu wetu. Alikuwa mwalimu wa Kemia, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa kijana kuliko wenzake, alikabidhiwa filimbi na ufunguo wa stoo ya mipira. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake yote ya usimamizi wa michezo. Miaka zaidi ya 25 imepita, na katika shule nyingi desturi ni ile ile.

Refa hutahiniwa kabla ya kuchezesha mechi. Kocha wa kandanda hutafuta leseni daraja baada ya daraja. Mwalimu haruhusiwi kufundisha kabla ya kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Lakini yule anayepanga mazoezi, anayeweka fedha za safari na kuondoka na watoto wa wenyewe kwa siku kadhaa, haulizwi hata karatasi moja.

Kwetu sisi ujuzi huo si anasa. Selimundu umeenea zaidi katika eneo hili la ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mvua za radi nazo hupenda kuja alasiri na jioni, saa zile zile za mazoezi. Ni nani atakayeamua mechi isimamishwe? Isitoshe, vipaji tunavyo. Nyakach na Sinyolo zimejijengea jina katika hoki ya wasichana, nayo Agoro Sare ya Oyugis katika mpira wa vikapu. Tena mtaala mpya umeiweka sayansi ya michezo katika mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu. Haifai somo liwe na mtaala ilhali msimamizi wake anabahatisha.

Wenzetu wa Marekani wana chama cha wasimamizi wa michezo ya shule kilichoundwa mwaka 1977, nacho hutoa vyeti kwa ngazi. Nasi msingi wa kisheria tunao. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Akademia ya Michezo ya Kenya, na kuandaa kozi za wasimamizi wa michezo ni mojawapo ya majukumu yake.

Najua walimu watakaosoma haya wataguna. Hawajasahau mwaka 2021, TSC ilipotangaza mafunzo ya lazima kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka. Manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Cheti ninachokipendekeza kisimgharimu mwalimu hata senti moja. Kiwe cha juma moja wakati wa likizo, hapa hapa Kisumu au Maseno, na kihusu mambo matano: huduma ya kwanza, kumbukumbu za afya za wachezaji, hali ya hewa na usafiri, hesabu za fedha, na ulinzi wa watoto safarini. Mtihani ufanyiwe uwanjani. Atakayefuzu apunguziwe vipindi vya darasani. Kisha chama cha michezo ya shule za upili kikatae kuisajili timu isiyo na msimamizi mwenye cheti. Bila sharti hilo, mengine yote yatabaki kwenye makabrasha.

Nanyi wanafunzi, msimfiche mwalimu wenu maradhi ya mwenzenu. Sisi tulinyamaza, na kimya chetu kinanisuta hadi leo.

Mimi ni mtu wa isimu. Katika Kiswahili, kufanya mchezo ni kutolitilia jambo maanani, na nachelea kwamba ndivyo tunavyomteua mwalimu wa michezo. Likitokea la kutokea, tunajiliwaza kwamba ajali haina kinga. Kilichomwangusha mwenzetu ni kutojua, na kutojua kuna kinga.