Ripoti Ikihifadhiwa, Nakala Itoke Saa Hiyo Hiyo

Ofisi za Kindu ziache kumtegemea mtu akumbuke kunakili faili jioni. Kompyuta zilizoko mezani zinaweza kuiangalia folda zenyewe na kutekeleza amri kila kitu kinapobadilika ndani yake. Programu ya kufanya hivyo hainunuliwi, imo humo humo. Tunawaomba wakuu wa zone za afya, wa redio, wa vyuo na wa ofisi za jimbo waitumie kuanzia mwezi huu.

Tuanze na afya, maana huko hasara inauma zaidi. Jimbo letu la Maniema lina zone za afya 18 kati ya 519 za nchi nzima. Kituo cha afya kinajaza fomu ya karatasi, fomu inafika ofisi kuu ya zone, na hapo takwimu zinaingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Kongo inautumia. Lakini si kila kitu kinaingia humo. Mtandao ukigoma, takwimu hungoja kwenye Excel, na hesabu za dawa na barua hubaki kwenye kompyuta moja tu. Diski ya kompyuta hiyo ikifa, mtu atapanda pikipiki kuzunguka vituo akitafuta karatasi za zamani. Anayezijua njia za Kabambare au za Lubutu wakati wa mvua anajua safari hiyo inagharimu nini.

Desturi ya sasa ni flashi. Karani anaichomeka saa ya kufunga, ananakili, anaondoka nayo mfukoni. Siku ya msiba, siku ya wageni kutoka Kinshasa, siku jenereta limeishiwa mafuta saa nane mchana, hakuna kinachonakiliwa. Hatumlaumu karani. Kazi hii haikupaswa kuwa juu ya kichwa chake.

Kwenye Linux, kiini cha mfumo kina inotify tangu 2005: programu inaomba iarifiwe folda ikiguswa, kisha inatulia mpaka habari ije. Ofisi nyingi hapa zinatumia Windows, na huko chombo kilichopo ni robocopy, kinachokuja na Windows tangu enzi za Vista. Fundi anaandika mstari mmoja:

robocopy C:\Ripoti E:\Nakala /E /MOT:1 /R:2 /W:5

MOT:1 maana yake ni kwamba dakika moja ikipita na kuna kilichobadilika, inakili tena. R na W zisisahauliwe hata kidogo. Robocopy isipowekewa kikomo, ikikuta faili iliyofungwa na programu nyingine hujaribu tena hadi mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara, huku faili zilizobaki zikisubiri nyuma yake.

Mafundi wanapenda kuongeza /MIR, amri inayofanya nakala ilingane kabisa na folda ya asili. Kwa kazi hii tunaikataa. Karani akifuta ripoti ya Machi kwa bahati mbaya, muda mfupi baadaye /MIR inaifuta kwenye nakala pia, na hapo ulinzi umegeuka kuwa mkono wa pili wa kufuta. Hata bila /MIR, faili iliyoharibika ikihifadhiwa juu ya ile nzima, nakala nayo inaharibika. Kwa hiyo kila asubuhi nakala ianze katika folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo, na folda za siku 30 zitunzwe. Faili za ofisi ni ndogo. Diski ya nje ya kawaida inazibeba zote.

Maelekezo mengi ya mambo haya yameandikwa kwa miji ambako kompyuta hazizimwi. Kindu umeme unakuja na kuondoka, na programu inayoangalia folda haijui kilichotokea wakati mashine imezimwa. Inotify haikumbuki mabadiliko ya jana. Robocopy tunaipendelea kwa sababu kila inapoanza hulinganisha folda zote mbili na kunakili kilichokosekana. Sharti lake ni kwamba ianze yenyewe mashine inapowaka. Hilo linapangwa katika sehemu ambayo Windows ya Kifaransa inaiita Planificateur de tâches, na ni kazi ya muda mfupi kwa kijana yeyote anayesoma informatiki hapa mjini.

Redio zina hatari yao. Mwandishi anapoweka mahojiano marefu kwenye folda ya matangazo, faili inaonekana hapo kabla haijamaliza kuingia. Programu inayoikamata ilipoonekana tu itapeleka hewani nusu ya mahojiano. Kwenye Linux fundi aiagize isubiri tukio la close_write, yaani mpaka anayeandika faili aifunge. Tukio la create, linalotokea faili inapoonekana tu, aachiwe mwingine. Si la redio.

Tena diski ya nakala isilale meza moja na kompyuta. Moto au mwizi havichagui. Mto unaugawa mji huu, basi tuutumie: ofisi iliyoko Kasuku au Mikelenge ivushe diski ya pili kwenda Alunguli kila Ijumaa, na ya Alunguli ivuke kuja huku.

Mkuu wa ofisi asiridhike akiambiwa kwamba mambo yamepangwa. Achague mwenyewe faili moja ya wiki iliyopita, kompyuta ya karani izimwe, kisha aombe faili hiyo ifunguliwe mbele yake kutoka kwenye diski ya nakala, katika mashine nyingine. Isipofunguka, fundi asilipwe bado.