Wacha Mtandao Utengeneze Pistoni, Wewe Panga Kazi

Kuna wale mtaniambia kwamba kucheza Minecraft kwa mashine zinazojitengenezea vitu ni kama kuiba mtihani. Sikubaliani nanyi hata kidogo. Kama uko Kibera na unacheza saiba kwa pesa ya kila saa, kwa nini umalize nusu saa ukifungua sanduku baada ya sanduku ukitafuta chuma?

Chukua modi ya Applied Energistics 2. Mali yako yote inaingia kwenye hifadhi moja na unaitafuta kwenye skrini moja. Halafu unaifundisha kazi. Pistoni moja inataka mbao 3, mawe 4, chuma 1 na redstone 1. Unaandika kigezo hicho mara moja, unakiweka kwenye kifaa kilichopakana na mashine ya kuunda, unaongeza kompyuta ya kusimamia oda. Ukiagiza pistoni 64, mtandao unapiga hesabu wenyewe. Mbao hakuna? Kama uliupa kigezo cha mbao pia, unapasua magogo kwanza. Chuma kimepungua? Unakuambia ni ngapi kabla ya kuanza.

Sasa nionyeshe uvivu uko wapi hapo. Mtandao haujui chochote ambacho hukuufundisha. Ukisahau kigezo kimoja cha katikati, oda imekwama, na ni wewe utakayefuata mnyororo nyuma hadi upate pengo. Hiyo ni kazi ya kichwa, manze.

Kinachoniudhi ni watu kurundika kila takataka kwenye hifadhi. Seli ndogo kabisa, ile ya 1k, ikibeba aina moja tu ya kitu inaingiza 8,128. Ukiijaza aina 63, ambazo ndizo mwisho wake, nafasi inashuka hadi vitu 4,160. Karibu nusu imeliwa na kuorodhesha aina tu! Mbegu na pinde zilizochakaa zikae kwenye sanduku la kawaida.

Na msiuite mchezo wa watoto. Mwaka 2012 UN-Habitat, wenye makao makuu hapa Gigiri, walianzisha mradi wa Block by Block pamoja na Mojang, na uwanja wa Silanga hapa Kibera ni kati ya sehemu ambazo wakazi walizichora upya kwa Minecraft. Hawakuhitaji modi, lakini walihitaji kupanga.

Basi anza kidogo. Bila kidhibiti, mtandao unabeba vifaa 8 vinavyotumia chaneli, na hivyo vinakutosha kwa pistoni zako za kwanza. Usikimbilie kifurushi cha modi 300 kwenye kompyuta ya RAM ya giga 4. Itaganda kabla hujachimba jiwe. Wanaochoshwa na chaneli wana Refined Storage, ambayo haina sharti hilo. Na saa yako ikikaribia kuisha, nakili dunia yako kwenye flashi. Stima za huku hazipigi hodi zikienda.