Hoteli zimejaa tena, msaidizi wa sheria bado hana nauli

Shangazi yangu ana kauntabuku lake la rangi ya buluu, limechanika jalada na kushonwa kwa uzi wa kushonea mikoba. Ndani yake mna majina ya watu wa Bwejuu na vijiji vya jirani waliomwendea tangu aanze kazi ya usaidizi wa sheria. Kurasa za 2019 zimekaa kwa nafasi: mgogoro wa mpaka wa shamba, mtoto hapewi matunzo, basi. Kurasa za kuanzia Aprili 2020 hazina hata pambizo. Aliandika mpaka kwenye kingo.

Ulikuwa ndo mwaka ule. Machi ndege za watalii zikasita, na pwani yetu hii, kutoka Michamvi mpaka Jambiani, ikawa kama kijiji kilichohamwa. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020 wakaja 260,644, na wengi wao walikuja kabla mambo hayajaharibika au mwisho wa mwaka. Kwa takwimu za serikali hiyo ni asilimia. Kwetu sisi ilikuwa ni kaka zetu wanarudi nyumbani na sare za hoteli kwenye mifuko ya plastiki, hawakupewa barua, hawakupewa mshahara wa mwezi wa mwisho, wameambiwa "tutakupigieni simu". Wengine wanasubiri simu hiyo mpaka leo.

Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 ipo. Haimruhusu mwajiri kumtoa mtu kazini kwa mdomo tu, hata kama biashara imekufa. Lakini sheria iliyomo kabatini mjini haimsaidii mpishi wa Bwejuu asiyejua kama ipo. Wa kumwambia alikuwa shangazi. Na pamoja na wapishi walikuja wanawake ambao waume zao, kwa kukosa kazi, walitoa talaka au waliacha matunzo, na wazee waliokuwa wanataka kuuza kiwanja cha ufukweni kwa bei ya kutupa ili wale. Hali ya uchumi ikizama kazi ya msaidizi wa sheria haipungui, inazidi maradufu.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka huohuo posho yake, ambayo kwa kweli ilikuwa nauli na vocha ya simu, ilikatika. Mradi uliokuwa ukiilipa ulisimama. Aliyekuwa akiwatetea waliopoteza kazi naye alipoteza, ila yeye hakuwa na mwajiri wa kumshtaki. Hana mkataba. Kwenye karatasi ni "mtu wa kujitolea".

Wapo wanaosema kujitolea ndio uzuri wake. Nakubali, mtu hawezi kuifanya kazi hii miaka na miaka bila moyo. Lakini moyo haulipi daladala. Kutoka Bwejuu kwenda mahkamani Makunduchi anashuka Paje, anasubiri gari nyengine, na kesi ikiahirishwa anarudi na kwenda tena. Kesi ya matunzo inaweza kuahirishwa mara nne. Hesabu wewe.

Wenzangu wa umri wangu tumezoea kuona ofisi na vipeperushi, tukadhani msaada wa kisheria uliota tu kama magugu. Visiwa hivi viliwahi kuwa na Mahkama za Wananchi, miaka ya 1970, ambamo wakili haruhusiwi kusimama. Watu walishtakiwa kwa uhaini, kosa la kufa, bila ya mtetezi. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilipoanzishwa 1992, na marehemu Profesa Haroub Othman akiwa mstari wa mbele, kilikuja kwenye nchi ambayo raia wa kawaida hajui hata jinsi ya kuuliza. Kituo kikaanza kufundisha wasaidizi wa sheria, watu wa shehia wenyewe, walimu, wakulima wa mwani, ili mtu wa kijijini apate jibu bila kupanda gari kwenda mjini. Sisi wa upinzani tuna sababu zetu za kukumbuka nchi isiyo na mtetezi ilikuwaje.

Tukaja kwenye 2018, Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 13. Sheria nzuri, nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma baadhi ya vitabu vya kozi. Inamtambua msaidizi wa sheria. Kumtambua ni jambo moja, kumlipia nauli ni jengine. Fedha za kazi hii, bara na visiwani, kwa sehemu kubwa zimetoka nje. Mfuko mkubwa kabisa, LSF, ulianza 2011 kwa fedha za Denmark, baadaye Umoja wa Ulaya nao ukaingia. Mwaka 2021 Denmark ikatangaza kwamba inaondoa misaada yake ya kiserikali Tanzania na kufunga ubalozi. Baadaye walibadili mawazo kuhusu ubalozi, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa saini moja, na Februari Uingereza ikasema itashusha yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Hata asiyepokea senti kutoka Washington anajua kitakachofuata: waliokosa kule watakuja kupanga foleni kwenye mlango wake.

Kwa hiyo msaidizi wa sheria wa Bwejuu anapigwa na mtikisiko mara mbili. Mara moja ukitokea hapa, mara ya pili ukitokea kwao. Na utalii ukirudi, kwake haurudi kitu. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7, rikodi mpya, hoteli zimejaa, viwanja vinapanda bei kila msimu. Kauntabuku limejaa vilevile. Posho haijarudi.

Tusidhani ni unyonge wa nchi masikini tu. Uingereza, baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, serikali yao ilibana matumizi, na sheria waliyoipitisha 2012 ikaanza kazi Aprili 2013 ikaondoa msaada wa kisheria kwenye kesi nyingi za ajira na za ndoa. Vituo vya sheria vikafunga milango, waliokuwa wakifanya kazi humo wakaenda nyumbani. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na kitu cha kukata kwenye bajeti, na watu wakagombana bungeni juu yake. Sisi kinakatwa Copenhagen, na hapa hakuna hata wa kumuuliza.

Na hawa wa ofisi za mawakili mjini msiwasahau. Binamu yangu alikuwa karani kwenye ofisi moja, anaandaa hati, anapeleka mafaili masjala, kazi yote ya miguu. Ofisi ile ilikuwa ikiishi kwa mikataba ya hoteli. Mei 2020 aliambiwa asije kesho. Ofisi ya sheria, jamani! Ilimtoa bila barua, na aliona haya kudai kwa sababu alitaka wamrudishe. Hakurudi, sasa anauza simu Darajani. Darasani kwetu tunaambiwa tukimaliza tuanzie hapohapo, ukarani na usaidizi, huku tukisubiri kuwa mawakili. Naangalia wenzangu, wengi wasichana wa shamba, na najiuliza wangapi wataweza kusubiri bila mshahara.

Serikali itatujibu kwamba kuna Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023. Sikatai, kuna watu wamesaidika. Lakini kampeni ina tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka, ina turubai na fulana. Mke aliyeachwa usiku wa kuamkia Jumapili hangoji turubai.

Tangu Oktoba 2024 mgeni mtu mzima anayeingia Zanzibar kutoka nje analipa dola 44 za bima. Kumbe inawezekana kumtoza mgeni, na bado anakuja. Basi dola moja tu kwa kila mgeni, kwa idadi ya 2024, ni zaidi ya dola 700,000 kwa mwaka. Ziwekwe kwenye mfuko unaotajwa na sheria, zilipe nauli, simu na posho ya kudumu ya wasaidizi wa sheria wa kila shehia, Unguja na Pemba. Na ziwekwe akiba, maana fedha ya utalii ndiyo inayokauka mwanzo tukipata 2020 nyengine. Anayemtandikia mgeni kitanda ana haki ya kuwa na mtu wa kumuuliza akifukuzwa.

Chama chetu nacho kisijifiche nyuma ya ubovu wa wenzetu. Tunazungumza sana mamlaka kamili, na mimi nayaamini. Lakini kwenye mikutano yetu sijasikia mtu akiuliza nani anamlipa msaidizi wa sheria wa Mtende au wa Micheweni. Wawakilishi wetu waliulize hilo wakati wa bajeti ya wizara ya sheria, kwa takwimu: wangapi wapo, wangapi wanalipwa, na nani.

Takwimu hizo tuanze kuzikusanya wenyewe. Kama kwenye shehia yako yupo msaidizi wa sheria, mwende umuulize mambo matatu: watu wangapi alihudumia mwaka jana, mara ya mwisho kulipwa posho ni lini, na nauli ya kwenda mahkamani ni shilingi ngapi. Msiandike majina ya wateja wake. Mimi nimeshaanza na shangazi. Jibu lake la swali la pili lilikuwa kicheko, kisha akaniomba nimkopeshe ya kwenda Makunduchi Jumanne.