Picha ya Kuku na Kuku Mwenyewe

Juzi baada ya sala ya magharibi nilivuka feri kwenda Likoni kumjulia hali shangazi yangu. Nikapita duka moja la chipsi, nisiende mikono mitupu. Ukutani palichorwa paja la kuku nono, lang'aa kama dhahabu, chipsi zimejaa pomoni, na chini neno HALALI kwa rangi ya kijani. Tulipofungua kifuko, paja lenyewe lilikuwa la kifaranga na chipsi za kuhesabika. Shangazi akacheka: "Mwanangu, wamekuuzia picha!"

Nilicheka nami, lakini neno lile lilinikaa. Nani atakwenda mahakamani kwa bei ya kifuko cha chipsi? Mwenye duka alijua hayo. Kila mteja hupoteza kidogo, naye hukusanya kingi. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha dhuluma.

Huko Marekani wateja wameizindukia hila hii, nao hushtaki kwa pamoja, mmoja kwa niaba ya wengi. Mwaka 2022 Burger King ilishtakiwa Miami kwamba picha za mikate yake ya nyama zaonyesha kitu kikubwa kuliko kinachouzwa. Mwaka 2023 jaji alikataa kuifuta kesi yote. Lakini mwaka huo huo jaji wa New York aliitupa kesi kama hiyo dhidi ya McDonald's na Wendy's. Basi si kila picha iliyopambwa ni uongo mbele ya sheria.

Linalotugusa zaidi sisi ni la Dearborn, Michigan, mji wenye Waislamu wengi. Mwaka 2011 mteja mmoja alidai kwamba mkahawa wa McDonald's uliotangaza kuku wa halali uliuza asiye wa halali kila wa halali alipokwisha. Walioshtakiwa walikana kosa, lakini mwaka 2013 walikubali kulipa dola 700,000 kuimaliza kesi. Sehemu ya fedha ilipewa zahanati ya Waislamu.

Je, sisi hatuna mlango? Tunao. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yadai matangazo ya haki na ya kweli, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 yamruhusu mmoja kushtaki kwa niaba ya wenzake. Kilichobaki ni watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuweka risiti na kuulizana.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa. Muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione.

Picha ya ukutani ndiyo nafaka kavu ya juu. Na neno halali si rangi ya kupambia ukuta, ni amana. Siku nyingine, kabla ya kutoa pesa, nitauliza: kuku huyu amechinjwa wapi, na nani?