Nyumbani Mwetu: Bukari ya Jioni na Hesabu Yake



Kando ya mji wetu wa Kolwezi, mahali paitwapo Kingamyambo, palimwagwa kwa miaka mingi mabaki ya kiwanda cha kuchambulia madini. Wazee wetu waliofanya kazi huko tangu miaka ya 1950 waliyaona mabaki hayo kuwa matope tu, kitu cha kutupwa. Baadaye wakaja wataalamu na vipimo vyao, wakayapima upya, wakaona kwamba shaba na kobalti bado zimo. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Metalkol yayachota matope yale yale na kutoa mali ndani yake. Ndivyo ilivyo nchi yetu ya Lualaba: kila ndoo ya udongo yapimwa. Lakini sahani ya jioni, inayoingia mwilini mwetu kila siku ya Mungu, nani aipima?

Leo tuongee juu ya sahani hiyo. Watu wengi wa makamo huambiwa na daktari: «Mama, punguza uzito. Baba, sukari imepanda, na tansio pia.» Wanaitika kwa adabu, wanarudi nyumbani, na jioni wanaketi mbele ya bukari ile ile. Mara nyingi hilo si ukaidi. Wameambiwa wapunguze, lakini hawakuonyeshwa wapunguze nini, wala kiasi gani, wala namna ya kufanya hivyo mezani pa watu wengi pasipo ugomvi.

Kalori ni nini?

Chakula ni kama makala katika mbabula: chatoa moto, na moto huo waufanya mwili utembee, ufikiri, upumue. Kalori ni kipimo cha moto huo. Kalori moja ya chakula ni moto utoshao kuzidisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja. Sasa tazameni ajabu hii. Kijiko kimoja cha supu cha mafuta ya mawese kina kalori kama 120. Kama moto wake wote ungeingia katika maji bila kupotea, ungechemsha lita moja na nusu ya maji baridi. Na sisi twamimina mafuta hayo chunguni pasipo kutazama!

Mtaalamu wa Marekani, Wilbur Atwater, ndiye aliyepima vyakula vingi kwa namna hii katika miaka ya 1890. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa California, Lulu Hunt Peters, akaandika kitabu cha kuwafundisha watu wanene kuhesabu kalori ili wapungue. Tangu hapo hesabu hiyo imezunguka dunia nzima. Yatosha kukumbuka haya: gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu ya protini, ile nguvu ya nyama, samaki na maharagwe, ina 4, gramu ya kileo ina 7, gramu ya mafuta ina 9. Mwili usipoutumia moto wote uliopata, huweka akiba. Akiba hiyo ndiyo unene.

Tulivyorithi sahani kubwa

Wengine watasema kwamba kuhesabu kalori ni desturi ya Wazungu. Sivyo. Katanga yetu ilihesabiwa kalori zamani, ila wenyewe hatukushika kalamu. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagwe, karanga, mawese na chumvi. Waganga wa kampuni waliipima posho hiyo, maana walijua kwamba asiyeshiba hawezi kuinua sururu. Walihesabu kama mwenye gari ahesabuvyo mafuta ya gari lake. Migodi ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ugawaji wa unga uliendelea, na watu wa kambi wakasema kwamba kampuni ndiyo baba na mama.

Kisha baba huyo akaanguka. Katika miaka ya 1990 mishahara ilikawia miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa pamoja. Katika Musonoi, Kapata na Luilu nyumba nyingi zilikula mara moja tu kwa siku, nayo ilikuwa jioni. Mtoto aliyelala njaa wakati ule leo ni baba wa familia. Akiona bukari imejaa sahani, moyo wake watulia. Akiona imepungua, hofu ya zamani yaamka.

Basi tumerithi vitu viwili pamoja: sahani ya mtu wa sururu, na hofu ya mtu aliyeonja njaa. Lakini wengi wetu hatushiki sururu tena. Twaendesha magari, twalinda milango, twafundisha darasani, twauza bidhaa tukiwa tumekaa tangu asubuhi hata jua kuchwa. Kazi imebadilika, sahani haikubadilika. Hapo ndipo penye shida, wala hapana haja ya kumwita mtu mlafi.

Hesabu ya mlo mmoja

Tuhesabu sasa, na hesabu yetu iwe ya kukisia, maana nyumbani hatuna mizani ya maabara. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, na unga wa muhogo hauko mbali. Kilo moja ya unga ikisongwa kwa lita mbili za maji, gramu 100 za bukari zitakuwa na kalori 120. Tonge moja la ukubwa wa yai la kuku ni gramu 50 hivi, yaani kalori 60. Kipimo chetu ni hicho: tonge. Mkono wenyewe ndio mizani.

Mtu wa kukaa ala jioni matonge 15: kalori 900. Sombe imepikwa kwa watu watano na kutiwa robo lita ya mawese: fungu la kila mmoja lapata kalori 400 za mafuta peke yake, na majani yenyewe kama 60. Samaki aliyekaangwa: 300. Chupa moja kubwa ya bia: 300. Jumla ni kalori 1,960. Mwanamke mwenye kazi ya kukaa ahitaji kama 2,000 kwa siku nzima, mwanamume kama 2,500. Na bado hatujahesabu mkate wa asubuhi, wala chai yenye vijiko vinne vya sukari, ambavyo ni kalori 80 kwa kila kikombe.

Sasa mlo wa pili. Matonge 6: kalori 360. Sombe, matembele au lengalenga maradufu: 120. Mawese kijiko kimoja: 120. Samaki wa Nzilo, wa kuchoma au wa kuchemsha na nyanya na kitunguu: 200. Maji safi: hapana kitu. Jumla ni 800. Sahani bado imejaa, kwa sababu majani yamechukua nafasi ya bukari. Na tumbo hushiba kwa wingi wa chakula kabla ya kujua kalori zake.

Si lazima kuruka kutoka mlo wa kwanza hadi wa pili kwa siku moja. Anayepunguza kalori 500 tu kila siku aweza kupungua kama nusu kilo kwa juma mwanzoni, kisha mwendo huwa wa polepole. Anza na bia na sukari. Juma lifuatalo punguza mafuta. Baadaye ondoa matonge matatu, halafu matatu mengine. Kula mapema, tafuna taratibu, nawa mikono hesabu ikitimia. Asiyekula mchana kwa makusudi ili apungue, jioni hulipiza kisasi. Heri kula kidogo mchana kuliko kufika mezani na njaa ya simba.

Nyumba moja, miili minne

Hapa ndipo hekima ya mama inapohitajiwa zaidi. Tufikiri juu ya nyumba kama zilivyo nyingi kwetu. Babu ni mstaafu mwenye ugonjwa wa sukari. Mama auza sokoni, na uzito wamchosha magoti. Kijana wake ashinda shimoni akichimba kobalti kwa mikono. Mtoto wa miaka mitano angali akikua. Bukari ni moja, chungu ni kimoja. Je, mama apunguze chungu kizima?

La, hasha! Kalori anazoziacha mama zisitoke kinywani mwa mtoto. Mchimbaji aweza kuhitaji 3,500 au zaidi. Mtoto ahitaji mafuta na karanga na samaki ili mifupa yake na akili yake vikue. Shauri langu ni hili: majani yakiisha kuiva vizuri, toa kwanza fungu la babu na la mama, na mafungu hayo yatiwe mawese kidogo tu. Kisha tia mafuta ya wengine chunguni. Jiko ni lile lile, makala ni yale yale, na kila mwili umepata haki yake. Wanaokula pamoja katika sahani moja wasiache desturi hiyo njema. Anayepunguza ahesabu matonge yake kimya, bila kutangaza.

Na wako wasiopaswa kuhesabu kabisa ili wapungue: mama mjamzito, mama anyonyeshaye, mtoto, na mgonjwa wa kifua kikuu. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya sukari asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari au muuguzi wake. Dawa ile ile juu ya chakula kidogo yaweza kuishusha sukari ghafula, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akazimia. Jambo hili si dogo, laweza kuua.

Maneno ya majirani

Kuna kizuizi kingine, na wengi wakiogopa kuliko njaa. Mama akipungua kilo tano, majirani husema: «Ana ugonjwa.» Au: «Mume hampi kitu.» Mwanamume akiacha chupa ya bia, rafiki humwita mchoyo. Wengi wamerudia sahani ya zamani kwa ajili ya maneno hayo tu. Mume mwema amsaidie mkewe hapa, aseme mbele ya watu, «Daktari ametuagiza, na sisi twamtii.» Neno moja kama hilo lazima midomo kumi. Na sisi Wakristo tuulinde ulimi wetu: tusimcheke mnene, wala tusimsengenye aliyekonda.

Ulafi na mfungo

Katekisimu yatuonya juu ya ulafi kati ya vilema vikubwa. Lakini ulafi haupimwi kwa upana wa kiuno. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba ulafi ni tamaa isiyo na utaratibu; mtu aweza kuwa mlafi kwa kula kabla ya wakati, kwa kutaka vya gharama, kwa kuzidisha wingi, kwa pupa, na kwa kuchaguachagua mno. Basi hata mwembamba aweza kuwa mlafi! Na masimulizi ya kale yasema kwamba Mtakatifu Tomaso mwenyewe alikuwa mtu mnene. Hilo litufariji na kutufunga mdomo.

Wala tusichanganye hesabu hii na mfungo. Kanisa lawaagiza Wakristo tangu miaka 18 hadi waingiapo mwaka wa 60 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayefunga ili akonde tu, amepata kukonda, basi. Anayefunga kwa ajili ya Mungu humpa maskini kile alichojinyima. Hata hivyo vitu hivi viwili vyaweza kusaidiana. Mtume Paulo awafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kulitunza hekalu ni wajibu. Fedha ya bia iliyoachwa yaweza kununua ndakala za yatima wa jirani. Hapo hesabu ya daktari na hesabu ya Injili zafanana.

Kazi ya wanafunzi

Nanyi wanafunzi, chukueni daftari. Gunia la unga la kilo 25, kama lile ambalo wafanyakazi wengi hulipokea kila mwezi, lina kalori ngapi? Jibu ni kama 90,000. Sasa ulizeni nyumbani mko wangapi, nani afanya kazi nzito, nani ni mgonjwa, nani bado akua, kisha tazameni jinsi chakula kinavyogawanywa. Mkiona mkubwa ameshiba kupita kiasi na mdogo anakwangua sufuria, mmegundua kosa la hesabu. Mwambieni mama kwa heshima.

Zamani kampuni ilituhesabia chakula kwa faida ya mgodi. Leo tujihesabie wenyewe, ili babu awaone wajukuu wakikua, na mjukuu asilale njaa. Mungu abariki mlo wenu wa jioni, na tuonane juma lijalo.