Kutoka Mweka Hadi Ndani ya Sumaku

Mwaka 1969, katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, juu ya mji wa Moshi, alikuwapo mwanafunzi Erasto Mpemba. Mwaka huo jarida moja la Uingereza lilichapisha makala aliyoiandika pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia Dar es Salaam. Swali lake lilitoka shuleni Magamba, Lushoto, mwaka 1963: mbona maziwa aliyoyatia jokofuni yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa? Mwalimu alilidharau, wenzake wakacheka. Kuhusu maji, ubishi ungalipo. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima wasione ushahidi wa kuridhisha.

Hata hivyo, jina la Mpemba limefika pasipo maji wala maziwa.

Yeyusha shaba pamoja na manganizi kidogo. Kila atomi ya manganizi ni mfano wa sindano ya dira, ile tutafutiayo kibla safarini. Lakini sindano hizi hazina kaskazini: jirani mmoja huivuta huku, mwingine kule, na baridi kali ikiingia kila moja huganda na upande wake, kama ndugu waliogombana wakalala chumba kimoja.

Macho hayazioni. Nyutroni huziona, kwa kuwa haina chaji ya umeme, hivyo hupenya madini, nayo yenyewe ni sumaku ndogo. Katika kinu cha Grenoble, Ufaransa, nyutroni hupozwa kwa haidrojeni nzito iliyo kimiminika, nyuzi 250 hivi chini ya sifuri, hadi zitembee mamia machache ya mita kwa sekunde. Ikigusana na sindano inayotikisika, nyutroni huongeza au hupunguza mwendo kidogo, na kwa aliyepozwa badiliko hilo dogo hupimika. Kwa mwenye mbio humezwa na mbio zake. Kwa njia hiyo Mezei na Murani waliipima shaba yenye manganizi mwaka 1979.

Mwaka 2019 watafiti wa Ulaya, kwa kompyuta yao Janus, walikokotoa upoaji wa sumaku za namna hii. Iliyoanza na joto zaidi iliweza kuitangulia nyingine, mradi sindano zake ziwe zimekwisha kupatana na majirani wa mbali zaidi. Kipimajoto peke yake hakikutosha kuitabiri. Ilibidi kujua historia yake. Hayo ni mahesabu, si shaba yenyewe, na waliyaita kwa jina la Mpemba.

Mwenye friza nyumbani na ajaribu lake pamoja na watoto: vikombe viwili vya namna moja, maziwa kiasi kilekile, saa ukutani. Vikombe visikalie barafu, maana kilicho moto huiyeyusha na kuigusa chuma, na hapo mashindano hayawi ya haki.